Magunia Yaliyorudi Kisarawe

Kambi ya Mkonge, Kibaha
6 Machi 1949

Dada yangu Siwema binti Pazi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu karatasi hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Mwamini na majirani wote wa huko Kisarawe. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Mwanajuma anakusalimu. Mimba yake ina miezi sita na bado anapasua kuni mwenyewe. Nikimkataza ananiuliza kama nilimwoa ili niwe mama mkwe wake.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Unajua tangu Januari mimi ndiye msimamizi wa posho hapa kambini, watu mia moja sitini na wanne, na makopa yote ya muhogo mkavu wanayokula yanatoka kwako. Mwezi uliopita walilala thelathini na mmoja. Kizunguzungu, kutapika, na mmoja alianguka mbele ya jiko langu sahani ikiwa mkononi. Akaja Bwana Afya, akakaa siku mbili, akaondoka ametuachia amri. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu kamili, uanikwe siku nne. Kila gunia likifika, anachukua makopa kumi anayavunja. Yakitoka matatu yenye kiini kigumu, gunia zima limekataliwa.

Katika magunia kumi uliyoleta, mawili yamekataliwa. Amri inasema yachomwe moto. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake. Nikamwambia, "Bwana, kwetu huu ni mwaka wa njaa. Dada yangu ameyamenya haya kwa mikono yake." Akanitazama, akasema, "Basi yaondoe hapa, nisiyaone tena." Nimeyapakia kwenye treni leo hii. Mashaka, yule mlinzi wa behewa, atayashusha Pugu pamoja na barua hii.

Kwa hiyo usikasirike. Hujapoteza hata kopa moja. Yatumieni nyumbani, huko hakuna Bwana Afya, na matumbo yenu ni ya chuma. Mwezi ujao nataka magunia kumi na mawili.

Mdogo wako,
Twalibu


Kisarawe
19 Machi 1949

Kwa mdogo wangu Twalibu,

Marahaba. Sisi wazima, ila mvua hatujaiona. Wingu linakuja, linatuchungulia, linakwenda zake Pugu. Mwamini anakusalimu sana. Ametimiza miaka kumi na mmoja na anakwenda kisimani mara nne kwa siku bila kutumwa. Mwambie Mwanajuma aache kuni.

Magunia mawili yamefika. Ahsante kwa kuyaokoa na moto. Lakini nimekasirika, na usiniambie nisikasirike. Marehemu alipokufa aliniacha na kinu kimoja na mtoto wa miaka mitatu. Leo nyumba tisa zinaniletea muhogo, na sikumpigia mtu magoti. Sasa mtu aliyekuja kwa gari anavunja makopa yangu kama anavunja kuni, na ndugu yangu wa tumbo moja ananiletea amri yake bila kuniuliza nitaitimiza kwa maji gani.

Basi nisikilize kwa hesabu, maana wewe na mimi ndivyo tulivyo. Gunia moja likilowekwa siku tatu, na maji yakabadilishwa kama inavyotakiwa, linakunywa madebe manane. Magunia kumi na mawili ni madebe tisini na sita. Kisima chetu sasa kinatoa madebe kumi na mawili kwa siku. Kumi na moja ni ya kunywa na kupikia, nyumba tisa, watu arobaini na sita. Linabaki debe moja. Kwa mwezi mzima ni madebe thelathini. Hayo ni magunia matatu na robo tatu, Twalibu. Wewe unataka kumi na mawili. Hayo mengine niyaloweke kwa mate?

Maji ya kulowekea tunayarudia mara tatu, na anayechelewa kisimani anatoa muhogo wake siku ya pili ili mwenzake apate chombo. Ndiyo maana una viini vigumu. Hatujasahau. Mama alitufundisha siku tatu kabla Bwana Afya wako hajazaliwa.

Kambi yenu ina pampu ya maji ya Ruvu. Nilipokuja mwaka juzi niliona mapipa nyuma ya ghala, yamelala tu. Muombe meneja manane, yajazwe, yaje Pugu na treni ya mizigo. Kutoka Pugu sisi tutajua la kufanya. Nijibu kwa hilo kwanza, salamu baadaye.

Dada yako,
Siwema


Kambi ya Mkonge, Kibaha
30 Aprili 1949

Dada Siwema,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Kazi imenizidi. Mwanajuma ana uvimbe wa miguu lakini anakula vizuri.

Nimefurahi umeleta magunia kumi na moja. Nilijua utaweza. Matatu yamekataliwa, nayo pia nimeyaombea, yako kwa Mashaka.

Dada, nataka nikueleze jambo, maana barua yako ilikuwa na hasira na huoni ninachokiona mimi. Mwezi wa Februari walilala thelathini na mmoja. Machi, tisa. Mwezi huu, wanne, na wawili kati yao ni malaria. Watu wamerudi mashambani, meneja hapigi kelele tena asubuhi. Na si kambi tu. Wanawake wanaouza togwa njiani walipoona tunavunja makopa, na wao wakaanza kufunika mitungi yao na kuchemsha maji, maana watu walianza kuwauliza. Duka la Soga lilikuwa linauza unga wenye wadudu. Sasa mwenye duka analifungua gunia mbele yako bila kuombwa. Mwalimu wa shule ya misheni ameniambia watoto wanaokosa darasa kwa tumbo wamepungua nusu. Amri moja ya kuvunja makopa kumi, na vitu vyote hivi vimeifuata. Mtu anakula bila kuogopa sahani yake. Hilo ni jambo kubwa, dada. Mimi niliyekuja hapa kufagia jiko, leo Bwana Afya ananisalimia kwa jina langu.

Mei nataka kumi na mawili kamili. Kambi inaongeza watu ishirini.

Mdogo wako,
Twalibu


Kisarawe
21 Mei 1949

Twalibu,

Marahaba. Salamu zako zimefika.

Nimesoma barua yako mara mbili kutafuta neno pipa. Halimo.

Ninaleta magunia manane, si kumi na mawili. Masika yamepita kando. Kisima kinatoa madebe saba, na la mwisho ni tope. Muhogo mtamu umekwisha wote, kunde zimekauka zikiwa na maua, samaki wa Dar es Salaam hawafiki huku tena. Tunakula bada, ugali huu wa makopa, asubuhi na bada jioni, kwa chumvi. Genoveva, jirani yangu yule wa misheni, anasema hata kuku wake wamechoka kuona bada.

Mwamini alianguka njia ya kisimani. Amelala kidogo. Atapona.

Nataka kukuuliza. Wale watu wako waliokuwa wakilala mwezi wa Februari, walikuwa wanaumwa nini hasa? Kulikuwa na aliyeumwa miguu?

Siwema


Kambi ya Mkonge, Kibaha
2 Julai 1949

Dada yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mwanajuma amejifungua mtoto wa kike tarehe 11 Juni, wote wazima. Nilitaka upate habari hii kwa mdomo wangu, nikangoja nije, sikupata ruhusa.

Umeuliza juu ya miguu. Hapana, hakuna aliyeumwa miguu. Ilikuwa kizunguzungu na kutapika, basi. Hawa wanakula makopa na maharage kila siku, na papa Ijumaa. Kwa nini umeuliza?

Katika manane ya Mei mawili yalikataliwa, nikakurudishia mwisho wa mwezi. Tangu hapo kimya. Juni yote sikupata gunia hata moja. Mashaka nikimuuliza anasema, "Dada yako haji tena Pugu." Nikimuuliza kwa nini, anakagua kofia yake. Meneja ananiuliza makopa yako wapi, namwambia treni. Ananiambia treni imepita mara ishirini na sita. Amehesabu. Akitafuta mtu mwingine wa posho mimi nimekwisha, na nina mtoto wa wiki tatu.

Kama umepata mnunuzi mwingine mjini, asiyevunja makopa, niambie kama dada. Sitakulaumu mbele ya watu. Lakini ulinilea mwenyewe, uliniambia mtu akikuacha akuambie usoni.

Na Mwamini mbona haniletei salamu? Anguko gani hilo la wiki sita?

Twalibu


Kisarawe
13 Julai 1949

Kwa Twalibu, baba wa binti,

Mungu amkuze mtoto wenu. Nimeshukuru sana, na machozi yamenitoka, na si ya furaha peke yake, unisamehe.

Hakuna mnunuzi mwingine. Nilikuwa sitaki kuandika. Nilisema nikiandika litakuwa kweli.

Mwamini hatembei. Tarehe 9 Mei aliamka akaniambia, "Mama, miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine." Nikamwambia asilete mzaha, aende kisimani. Akaenda. Nilimtuma, Twalibu. Alifika nusu ya njia, wakamrudisha wamembeba. Miguu imekakamaa kama mchi. Ukimsimamisha, magoti yanagongana na visigino haviigusi ardhi, anasimama kwa vidole. Hana homa. Haumwi. Akili yake ni ile ile. Anacheka, anauliza mtoto wenu ataitwaje.

Nilidhani ni wetu peke yetu, nikanyamaza. Tumempeleka kwa waganga wawili, wa kwanza alisema husuda kwa sababu ya biashara yangu, nikamwamini kwa sababu nilitaka awepo mtu mbaya. Halafu tarehe 28 Mei mtoto wa Genoveva. Juni wakafuata watatu. Ni watano sasa, na wote ni wa nyumba zetu tisa. Nyumba ambazo haziniletei muhogo hazina hata mmoja. Nilipoona hivyo nikaacha kulia nikaanza kuhesabu.

Machi ulinirudishia magunia mawili. Aprili matatu. Mei mawili. Ni saba. Nani alikula yale saba?

Yaliyolowekwa vizuri tulikuwa tunakuletea wewe. Tuliyachagua moja moja kwa ajili ya Bwana Afya wako. Yaliyorudi hatukuyaloweka tena, maji ya kulowekea tutoe wapi. Tuliyatwanga yalivyo. Yalikuwa machungu kidogo. Mwamini aliniambia, "Mama, hili bada linauma ulimi." Nikamwambia ashukuru kwamba lipo. Niligawa magunia saba kwa nyumba tisa kwa mkono wangu, kwa kibaba, bila kumpunja mtu. Wanawake walinisifu. Walisema Siwema ana haki.

Watu wako mia moja sitini na wanne wanatembea. Nimefurahi kwa ajili yao, kweli kabisa, ni watoto wa wenzangu. Ile amri yako ni nzuri. Ila ilikuja kwa gari ikaishia Soga, na kila ilichokikataa kikapanda treni kuja kwetu.

Sijui nikuombe nini. Sina cha kuomba. Nilikuwa na moja tu, nilikuomba tarehe 19 Machi.

Siwema


Kambi ya Mkonge, Kibaha
18 Julai 1949

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Sina salamu nyingine.

Nikueleze habari ya mapipa kabla sijaeleza jingine, maana nikingoja sitasema. Sikumwomba meneja. Machi sikumwomba, Aprili sikumwomba, Mei sikumwomba. Hayakuwa ya mtu. Yapo kumi na moja, yamekaa pale tangu wakati wa vita, kuku wanataga ndani yake. Niliogopa. Nilisema nikienda kuomba ataona kumbe makopa yangu yana shida, ataniona mimi ni mtu wa kuwaombaombea ndugu zangu, atanitoa. Nilikuandikia kurasa mbili juu ya wauza togwa ili nisiandike neno moja juu ya mapipa.

Leo asubuhi nimekwenda. Nilisimama mlangoni nimeshika barua yako. Nikamwambia, "Bwana, naomba mapipa manane na maji." Alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. Akasema, "Chukua."

Neno moja tu, dada. Miezi minne.

Nimechukua yote kumi na moja. Tumeyaosha kwa majivu na maji ya moto mara tatu, mimi na Mwanajuma, mtoto mgongoni. Yanapanda treni kesho yamejaa, na nimepatana na Mashaka, kila Jumanne yakirudi matupu yatajazwa tena mpaka mvua inyeshe. Ndani ya behewa kuna magunia mawili ya maharage na mzigo wa papa mkavu. Hiyo ni posho yangu na ya Mwanajuma, si ya kambi. Gaweni nyumba tisa.

Bwana Afya nimemweleza kila kitu, mpaka kwamba mimi ndiye niliyemzuia kuchoma. Alikaa chini kwenye gogo. Akasema sikuwa peke yangu, yeye aliniambia niyaondoe asiyaone. Ameandika barua kwa daktari wa hospitali ya mjini, nimeiweka humu. Mpeleke Mwamini, na watoto wote watano. Kuanzia leo gunia likikataliwa linachomwa hapa hapa mbele yangu, na mimi nalijazia kwa posho, ili nyumba iliyolileta isibaki na njaa. Meneja hajakubali bado hilo la kujazia. Nitasimama mlangoni tena.

Sikuombi unisamehe. Niambie tu daktari amesema nini.

Twalibu


Kisarawe
4 Septemba 1949

Kwa Twalibu,

Marahaba. Mapipa yanafika kila Jumanne, manane yako kwangu, matatu kwa Genoveva. Maharage tumeyagawa. Mwambie Mwanajuma kwamba nimejua ni sehemu yake ya chakula wakati ananyonyesha, na asifanye hivyo tena, nitakuja kugombana naye.

Daktari ametupokea vizuri. Aliwapima wote watano, akagonga magoti yao kwa kinyundo, miguu ikaruka. Hakuuliza juu ya husuda. Aliuliza wanakula nini, na wanakula pamoja na nini. Nikamwambia. Akaniuliza tena, "Pamoja na nini?" Nikamwambia chumvi. Aliandika muda mrefu. Akasema watu wa kambini walipona kwa sababu ya maharage na papa kama walivyopona kwa amri, na kwamba mwili wa mtoto asiye na hivyo hauna cha kupigania.

Kisha nikamuuliza lile ulilotaka kujua. Alinijibu waziwazi, nilishukuru kwa hilo. Hautazidi ugonjwa, wala hautamuua. Na miguu haitarudi. Atatembea na fimbo mbili akijifunza, siku moja. Wa Genoveva ni mdogo zaidi, huyo hatatembea.

Twalibu, nilikaa wiki mbili nikikuchukia. Nilipanga barua kichwani, ilikuwa kali sana, ungeungua kuishika. Halafu nikakumbuka kibaba changu. Wewe uliyaleta, mimi niliyapima. Hatuna wa kumtupia.

Wanawake nimewaita. Hakuna kopa linalotoka kwangu, wala kopa linaloingia katika chungu changu, ambalo halijakaa siku tatu. La kuuza na la kula ni sheria moja. Walikubali haraka kuliko nilivyofikiri. Nyumba ambazo si zetu nazo zinaleta muhogo wao kwenye mapipa sasa, ni kumi na nne. Hakuna mtoto mpya tangu Julai.

Mwamini hapendi kukaa ndani. Tunamtoa asubuhi, anakaa kwenye mkeka kati ya mapipa, na ndiye anayejua kila muhogo uliingia siku gani na wa nani. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Jumatatu iliyopita chakula kilikwisha. Maharage yamekwisha, papa wamekwisha, treni ya kutuletea chakula ni kesho yake. Muhogo wangu ulikuwa na siku mbili majini. Nilikwenda polepole nikafunua kifuniko. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Siku ya pili, mama."

Nikamwambia, "Najua. Ni leo tu."

Akasema, "Rudisha."

Nikamwambia yeye mwenyewe hajala tangu jana. Aliusukuma mkono wangu, akajivuta kwa mikono akaketi juu ya kifuniko, miguu yake ikaning'inia pale bila kugusa chini, akaniangalia mpaka nikaenda kuchuma majani.

Ndiyo hayo tuliyokula. Jumanne treni ilikuja.

Dada yako,
Siwema